Laana Yenye Mlango: Ngano za Pwani Kwenye Meza ya Dadu

Mgeni anayetaka kuzuru Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio kando ya bahari kati ya Diani na Gazi, kaunti ya Kwale, Kenya, haingii hivi hivi. Hufungwa kaniki kiunoni. Huambiwa kwamba humo ndani watu hawakumbatiani wala hawabusiani. Huonywa asitoke na kitu: si jani, si kijiti, si kokoto. Masharti yote husemwa nje, kabla hajapiga hatua ya kwanza chini ya miti. Baada ya hapo, atakayeyavunja hawezi kudai kwamba hakujua.

Dakika hizo chache za maelezo zingemfaa sana mtu anayetunga michezo ya kusimulia mezani, maana ndizo zinazokosekana katika laana nyingi za michezo hiyo.

Mchezo wa aina hii hauhitaji skrini wala umeme. Watu wanne au watano hukaa mezani, mmoja wao akiwa msimulizi. Kila mmoja wa waliobaki hubeba mhusika wake: baharia, mganga, mwizi aliyetubu, binti wa sultani aliyetoroka. Msimulizi hueleza walipo na wanachokiona, wachezaji husema wanachofanya, na pale jambo linapoweza kufaulu au kushindikana hurushwa dadu. Mchezo uliofungua njia, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na dadu yake maarufu ina pande 20. Anayejua kutega sikio kwa bibi anayesimulia ngano ameshaijua nusu ya mchezo. Nusu iliyobaki ni kwamba hapa msikilizaji naye huamua hadithi iende wapi.

Sasa, mhusika akilaaniwa katika mchezo huo, mara nyingi hutokea nini? Katika kanuni zilizotolewa mwaka 2014 kuna uganga mmoja wa ngazi ya tatu ambao kazi yake ni kuondoa laana. Mwenye kuujua humgusa mgonjwa, na laana zote zilizomkaa huisha papo hapo. Laana inakuwa kama maumivu ya kichwa: vidonge viwili, maji, basi. Mchezaji haulizi ni nani aliyemlaani, kwa kosa gani, na anadaiwa nini. Huuliza tu kama kuna mganga karibu.

Ngano haziendi hivyo, za Ulaya wala za huku. Katika kisa cha binti mfalme aliyelala, ambacho ndugu wawili Grimm walikitia katika mkusanyo wao wa mwaka 1812, binti anatabiriwa kufa kwa kuchomwa na kijiti cha kusokotea nyuzi. Mwanamke wa mwisho kutoa zawadi yake hana uwezo wa kuifuta laana hiyo. Anachoweza ni kuipunguza tu: badala ya kifo, usingizi wa miaka 100. Mtaalamu wa Kirusi Vladimir Propp alipochambua ngano za kwao mwaka 1928 na kuzigawa katika hatua 31, hatua ya pili ilikuwa mwiko kuwekwa, na ya tatu mwiko kuvunjwa. Kabla ya adhabu kuna kosa, na kabla ya kosa kuna onyo.

Watungaji wengine wa michezo wameanza kuelekea huko. Kitabu cha Dungeons & Dragons kiitwacho The Wild Beyond the Witchlight, cha mwaka 2021, kinaweza kuwaanzisha wahusika wakiwa wameibiwa vitu visivyoshikika, kama uwezo wa kutabasamu au uwezo wa kutunza siri. Hasara ya namna hiyo haiponi kwa kuguswa. Lazima mtu afunge safari akakidai kilicho chake.

Lakini mtungaji aliyeko Gazi au Msambweni hana haja ya kungoja vitabu kutoka ng'ambo. Mwaka 1870 Edward Steere, mmishonari Mwingereza aliyekaa Unguja, alichapisha London mkusanyo wa hadithi za Waswahili kama alivyosimuliwa. Humo mna visa vitatu ambavyo kila msimulizi wa mchezo angepaswa kuvisoma kwa makini.

Cha kwanza ni cha Sultani Darai. Maskini mmoja, Hamdani, anachakura jaani, anaokota thumuni, na kwa thumuni hiyo ananunua paa. Paa huyo anazungumza. Anaokota almasi, anakwenda kwa Sultani Darai, anamsifu bwana wake mpaka sultani anakubali kumwoza binti yake. Kisha anamuua nyoka wa vichwa saba, na jumba la nyoka linakuwa la Hamdani. Halafu paa anaugua. Yule aliyekuwa mchakura jaa anaamuru apewe uji wa mtama, wala haendi kumtazama. Paa anakufa na kutupwa kisimani. Haupiti muda, mke anaota yuko kwao, na kumbe yuko kwao kweli. Mume anaota anachakura jaani, na anapofumbua macho, ndipo alipo.

Hakuna aliyetamka apizo katika kisa hicho. Hakuna mchawi, hakuna moshi. Neema ilikuja na sharti ambalo halikuhitaji kusemwa, kwa sababu kila mtu mzima analijua: usimtupe aliyekuinua. Ni laana bora kuliko zote kwa meza ya mchezo. Msimulizi huwapa wahusika mfadhili, awalishe, awafungulie milango, awape heshima. Kisha, wakiwa wamezama katika shughuli kubwa, mfadhili anaugua na kuomba jambo dogo lenye usumbufu. Wakikataa, hasemi kitu. Usiku mmoja tu unatosha kuondoa kila alichowapa, na wachezaji wenyewe watakumbuka, bila kuambiwa, ni saa ngapi walipokosea.

Kisa cha pili ni cha Sultani Majnun na paka wake. Paka anakamata ndama. Watu wanamwendea sultani, naye anasema paka ni wake na ndama ni wake. Paka anakula mbuzi, jibu ni lile lile. Anakula ng'ombe, anakula punda, na bado sultani anamkingia kifua. Anakula mtoto wa watu. Hatimaye paka si paka tena. Ni nunda mla watu, yuko porini, na siku moja anawararua watoto watatu wa sultani mwenyewe. Kijana wa mwisho ndiye anayekwenda kumtafuta, akirudi kwa mama yake mara kwa mara na mzoga wa mnyama mwingine na kuuliza kama huyo ndiye.

Kisa hiki kinafundisha ngazi. Wasimulizi wengi huleta balaa zima kwa mara moja, na mchezaji aliyezidiwa ghafla huchukia mchezo. Nunda anapanda kidaraja kimoja kimoja, na kila kidaraja kinatangazwa: watu walikwenda kumwambia sultani. Alipewa nafasi ya kumzuia paka akiwa bado anatosha kushikwa kwa mikono. Mezani, msimulizi anaweza kuandika vidaraja vitano au sita kwenye karatasi yake kabla ya mchezo kuanza, na kukivuka kimoja kila mara wahusika wanapoona dalili na kuamua kuipuuza. Kwa utaratibu huo hakuna atakayenung'unika kwamba ameonewa.

Cha tatu ni cha Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, ambaye Steere alimtia kitabuni na ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913. Silaha haimdhuru. Kinachoweza kumuua ni sindano ya shaba ikipigwa kitovuni, na siri hiyo inamtoka mdomoni mwake mwenyewe, kwa jamaa wa damu aliyetumwa kuiulizia. Kila anayetunga jitu lisiloshindika azingatie kwamba kiini cha kisa si kitovu wala shaba. Ni kwamba siri hiyo haipatikani kwa upanga. Hupatikana kwa kuaminiwa, na anayeitumia hubeba aibu ya kuisaliti imani hiyo. Wachezaji wakipewa uamuzi wa namna hiyo, watabishana mezani mpaka chai ipoe.

Nje ya ngano, pwani ina namna zake za kweli za kufunga na kufungua, na watu wanaziishi. Kago la shambani ni mfano: dawa inayowekwa kulinda mnazi au muhogo, mara nyingi kwa kitambaa au chupa inayoning'inia mahali pa kuonekana. Kuonekana kwake ni sehemu ya kazi yake. Kisomo cha Albadiri, ambacho masheikh wanatofautiana kuhusu uhalali wake, nacho kina utaratibu unaojulikana mitaani: aliyeibiwa hutangaza kwamba kisomo kitasomwa, hutaja siku, na husubiri. Mara nyingi husimuliwa kwamba mali ilirudishwa usiku, ikaachwa mlangoni, kabla siku haijafika. Tangazo, muda, na njia ya kurudi. Mtungaji akiyapata hayo matatu, kazi kubwa imekwisha.

Kiapo cha jamii nzima ni jambo zito zaidi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama huko Kaya Fungo, na viapo viwili vikatolewa, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, kwamba yeyote asishirikiane na serikali ya Waingereza. Dola ya kikoloni iliuona uzito wake. Ilimkamata Mekatilili na kumpeleka Kisii, na mwaka 1914 ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Mtungaji wa michezo anayetaka laana inayofunga mji mzima, si mtu mmoja, ana mfano wa kihistoria hapo, pamoja na swali gumu la kuwatwika wachezaji: jirani yako amekivunja kiapo kwa sababu mtoto wake ana njaa, utamsema?

Halafu kuna vigango. Hivi ni vigogo vya kuchonga ambavyo Wagiriama na jamaa zao huwasimikia wazee wa chama cha Gohu waliofariki, ili koma zao, yaani roho zao, zitulie. Kwa miongo kadhaa viliibwa na kuuzwa kama sanaa, vikafika katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy alivitambua viwili alivyokuwa amevipiga picha mwaka 1985 pamoja na mwenye navyo, nyumbani kwa mtu huyo. Kimoja kilikuwa katika Jumba la Makumbusho la Jimbo la Illinois, kingine Chuo Kikuu cha Hampton. Vilirudishwa kwa familia mwaka 2007. Familia ilikuwa imepata misiba na shida tangu vilipotoweka, na yenyewe ilijua sababu.

Katika michezo mingi ya mezani wahusika huvunja makaburi na kubeba chochote kinachong'aa, na kanuni huwapa tuzo. Kisa cha vigango kinaugeuza mchezo huo chini juu. Kile walichokiita hazina ni baba wa mtu. Laana haiko kwao walioiba. Iko kijijini, kwa wajukuu ambao mvua imewakataa. Wahusika watakapokutana nao, pesa za mauzo zitakuwa zimeshaliwa na kigango kimeshavuka bahari, na hakuna uganga wa ngazi ya tatu utakaokirudisha.

Tuseme basi msimulizi wa Gazi anataka kutunga laana yake mwenyewe, isiyochukuliwa kwenye kaya wala kwa mzee yeyote. Gazi ina kila anachohitaji. Kijiji hicho kiko yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa, na ndicho kilichokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza kuanzia mwaka 1895 na mwaka uliofuata akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Mbele yake kuna ghuba, na ghubani kuna mikoko: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana. Boriti za miti hiyo zimeezekea nyumba za pwani na za Uarabuni kwa karne nyingi. Ukataji wa kupindukia uliacha sehemu za ghuba zikiwa uwanja mtupu wa matope, hadi upandaji upya ulipoanza miaka ya 1990. Tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, unaomilikiwa na wanavijiji wa Gazi na Makongeni, unalinda hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni, na mapato yake yamekwenda kwenye maji na shule.

Laana ya kubuni inaweza kuanza hivi. Katika ghuba moja ya kale, anayekata mti lazima apande mitatu kabla ya bamvua lijalo. Mzee wa zamu anamwambia hivyo mhusika, fundi wa jahazi mwenye haraka: "Mwanangu, kata, lakini kumbuka kupanda." Fundi anakata, anauza boriti, anasafiri.

Bamvua la kwanza linakuja. Nyayo zake za ghubani hazifutiki. Maji yanajaa, yanapwa, nazo ziko pale pale, na kila anakokwenda anaacha nyayo za maji ya chumvi hata kwenye sakafu kavu. Yeyote anayemtafuta anaweza kumfuata. Bamvua la pili, maji ya bahari yanafika kizingitini mwa nyumba yoyote aliyolala, hata iwe juu ya vilima vya Shimba. Wenye nyumba za wageni wanaanza kumkataa. La tatu, zile boriti alizouza zinachipua darini mwa mnunuzi, majani juu, mizizi ikishuka ukutani kuitafuta ardhi.

Kalenda hapa haihitaji dadu. Bamvua huja mara mbili kila mwezi wa mwandamo, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hiyo hupita mita 3. Msimulizi anahesabu siku tu. Wachezaji wanajua hasa wamebakiwa na muda gani, na hofu inayotokana na kujua ni kubwa kuliko ile ya kushtukizwa.

Njia ya kutoka ipo, na ina bei. Miche mitatu lazima itoke kwenye mti ule ule uliokatwa, na mti huo sasa ni dari ya nyumba ya watu. Fundi atamwendea mwenye nyumba na kumwambia nini? Atalipa? Ataiba usiku na kujitia katika kosa la pili? Atakiri hadharani kwamba aliuza boriti zilizokatwa bila haki? Hapo ndipo dadu zinaporushwa, na hapo mchezo unapokolea. Hata akipanda, mche wa mkoko hufa kwa urahisi mawimbi yakiukuta ukiwa bado mchanga, kwa hiyo itambidi arudi kuutunza. Dadu mbovu isimalizie hadithi hapo. Imwongezee fundi deni jingine, au imletee msaidizi ambaye naye anataka kitu.

Kuna mipaka ambayo mwandishi wa laana anayeijua Kwale hawezi kuivuka, na jambo hili ni zito kuliko sanaa yote iliyotajwa. Ngano za Ulaya zimejaa bikizee mchawi mwenye mvi, macho mekundu na kibanda msituni. Vitabu vya michezo vimemchukua vile vile alivyo. Katika kaunti za Kwale na Kilifi wazee wa kweli wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo kulikuwa na shamba ambalo mtu alilitaka. Sheria ya Kenya dhidi ya uchawi ipo tangu mwaka 1925 na haijawatosha kuwakinga. Kijana anayekaa mezani jioni na kuzoea kwamba mwenye mvi ndiye adui wa mwisho anajifunza jambo ambalo tayari limeua watu katika vijiji vya jirani. Mpe uovu huo mfanyabiashara wa boriti, au jemadari, au sultani anayesema paka ni wake. Bikizee na awe ndiye anayekumbuka masharti.

Kaya pia si pambo la mchezo. Kaya za Wamijikenda, ambao Wadigo na Wagiriama ni miongoni mwao, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na mwaka uliofuata mila zinazoambatana nazo zikawekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Yaliyozikwa humo na maneno yanayosemwa humo yana wenyewe. Mtungaji anaweza kujifunza muundo wa mwiko bila kuiba kilicho ndani yake, na akitaka zaidi, wazee wapo wa kuombwa ruhusa. Mezani nako, msimulizi aulize mapema ni mambo gani wenzake hawataki yaguswe. Kwa mchezaji mmoja jini ni mhusika wa hadithi. Kwa aliyeketi pembeni yake ni jambo lililomkuta dada yake mwaka jana.

Mwenye nia ya kuanza hana gharama ya kumzuia. Hadithi za Steere hazina tena hakimiliki na zinasomwa bure mtandaoni. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zilitolewa Januari 2023 kwa leseni huria, hivyo yeyote anaruhusiwa kuzitafsiri kwa Kiswahili, kuzibadili na hata kuziuza mradi ataje zilikotoka. Walimu wa vilabu vya Kiswahili kutoka Gazi hadi Shimoni wazichukue, wawatume wanafunzi kwa bibi na babu zao kuomba ruhusa ya kuandika ngano za nyumbani, na likizo ijayo waketi nao mezani wazicheze.